Usichomoe Bado: Historia ya Mashine Inayosema "Nimemaliza" Kabla Haijamaliza

Shosho yangu alikuwa na sauti ya chini, ile ya mtu amezoea kusikizwa bila kupiga kelele. Mwaka wa 2016, nikiwa kidato cha tatu, niliketi naye jikoni kwake, nikaweka simu juu ya meza na kumwambia aanze popote anapotaka. Akaongea jioni tatu. Vile alitoka kijijini akiwa msichana, vile alifika Nairobi, kodi ya chumba chake cha kwanza, jina la mtoto aliyezikwa kabla mamangu hajazaliwa. Mambo ambayo hakuna mtu kwetu alikuwa ameyaandika mahali.

Simu ilikuwa imejaa, basi Jumamosi nikaenda saiba. Nikahamisha zile rekodi tatu hadi kwa kompyuta, nikazifuta kwa simu, halafu nikazikata na kuzibandika kwenye flashi. Kabla yazo nilikuwa nimeanzisha sizoni nzima ya tamthilia fulani, maana flashi ilikuwa na nafasi na bei ilikuwa poa. Tamthilia mbele, shosho nyuma. Msee wa saiba akaanza kuzima taa. "Kijana, tunafunga!" Ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukajaa, ukapotea. Nikachomoa flashi, nikalipa, nikatoka.

Nyumbani, episodi za kwanza zilicheza fiti. Folda ya shosho ilikuwepo. Majina ya faili yalikuwepo, yote matatu. Ukubwa wa kila moja: 0.

Jumatatu nilirudi saiba. Zile mashine zilikuwa zinatumia Ubuntu na zilikuwa zimepangwa kufuta kila kitu mteja akimaliza, kwa sababu ya usalama. Nikashuka Luthuli Avenue kwa fundi. Akaichomeka flashi, akafungua programu yake ya kufufua faili, akangoja, akaniangalia. "Buda, kitu kikifutwa naweza kukitafuta. Hii haikufutwa. Hii haikuwahi kuandikwa."

Niliona aibu kumwambia shosho turudie. Nikasema nitamwambia likizo ijayo. Likizo ijayo ilifika akiwa hospitali, na hakurudi.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikijiuliza swali moja: nani aliamua kompyuta iruhusiwe kusema imemaliza kabla haijamaliza? Nimesoma hii historia miaka kadhaa sasa, na ni ndefu kuliko umri wa flashi yenyewe.

Kwanza, uongo wenyewe

Ndani ya kompyuta kuna sehemu mbili za kuweka vitu. Kuna RAM, yenye mbio sana lakini inayosahau kila kitu stima ikikatika. Halafu kuna diski au flashi, ya polepole, lakini inakumbuka hata ukiiweka kwa mfuko mwezi mzima. Ukinakili faili, mashine mara nyingi huipokea kwa RAM kwanza, inakuambia "tayari", halafu inaendelea kuiandika kwenye flashi kimya kimya ukiwa unafanya mambo mengine. Hii inaifanya kompyuta ionekane na spidi.

Si unajua vile mtu hukupigia na kusema "nimekutumia pesa", unaangalia simu na hakuna meseji ya M-Pesa? Pengine hadanganyi. Pengine iko njiani. Lakini kama wewe ni mwenye duka, hutoi mzigo mpaka meseji iingie. Kile kitufe cha kutoa flashi kwa usalama ndicho meseji yako. Unaiambia kompyuta: kila kitu ulichosema umeandika, kiandike sasa, ufunge daftari, halafu uniambie.

Watu wa tepu na diski kubwa

Zamani, kompyuta zikiwa kubwa kama chumba, hakukuwa na swali la nani anachomoa nini. Tepu na diski zilipandishwa kwenye mtambo na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Yeye ndiye alizipandisha, yeye ndiye alizishusha, na mashine ilijua.

Kutoka huko ndiko neno lilitoka. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotengeneza Unix pale Bell Labs, Marekani, waliweka amri inayoitwa mount ya kuiambia mashine diski imepandishwa, na umount ya kuiambia inashushwa. Zote mbili zimo kwenye kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha 1971. Ukitumia Linux leo unaandika amri hizo hizo.

Unix hiyo ya miaka ya 1970 tayari ilikuwa na tabia ya kushikilia maandishi kwa RAM. Ndiyo maana kulikuwa na amri nyingine, sync, ya kulazimisha yote yashuke kwenye diski, na programu ndogo iliyokuwa ikifanya hivyo yenyewe kila baada ya sekunde 30. Lakini hata sync ilikuwa na ujanja wake: ilianzisha kazi ya kuandika na kukurudishia skrini kabla kazi haijaisha. Basi waendeshaji mitambo wakawa na mazoea. Kabla ya kuzima mashine, unaandika sync, halafu tena sync, halafu tena sync. Mara tatu. Amri ya pili na ya tatu hazikuwa na uchawi wowote. Zilikula tu muda, ndio diski imalize.

Hebu fikiria. Wataalamu waliokuwa karibu zaidi na mashine hawakuiamini ikisema imemaliza. Sisi tulikuja kuiamini baadaye.

Mashine iliyokataa kuachilia

IBM ilipoleta PC yake mnamo Agosti 1981, mlango wa diski ulikuwa na kishikio cha mkono. Ukitaka kutoa diski, unakifungua na kuitoa. Hakuna wa kuuliza. DOS ya kwanza haikuwa na mambo mengi ya kushikilia maandishi kwa RAM, kwa hivyo sheria ilikuwa moja tu: taa ya diski ikiwa inawaka, usiguse. Ikizima, toa. Watu wengi waliojifunza kompyuta kwa PC walijifunza hivyo, na nadhani hapo ndipo mkono ulizoea.

Apple walienda njia tofauti kabisa. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na mlango wa diski za inchi 3.5 kutoka Sony, na mlango huo haukuwa na kitufe. Mota ndogo ndani ndiyo ilitema diski, na mota ilisikiza programu, si kidole chako. Ukitaka diski yako, unaomba. Mashine inaandika ilichobakisha, halafu inakupa. Ikigoma kabisa, kulikuwa na kitundu cha kuingiza waya wa klipu ya karatasi.

Lakini walichemka kwa jambo moja. Macintosh hiyo ilikuwa na RAM ya KB 128 tu na haikuwa na diski ya ndani, kwa hivyo ulikuwa unabadilisha diski kila saa. Ukitumia menyu kutoa diski, picha yake ilibaki kwenye skrini ikiwa ya kijivu, ili mashine iweze kukuomba uirudishe. Ukitaka itoke na isahauliwe kabisa, uliikokota hadi kwenye pipa la taka. Ndiyo, lile lile pipa la kufutia faili. Watu waliogopa, na walikuwa na haki: nani anatupa kazi yake kwa taka ndio iwe salama? Ilikaa hivyo hadi Mac OS X ya 2001, ambapo ukikokota diski lile pipa linageuka kuwa alama ya kutoa. Miaka 17 ya kuambia watu "usijali, hiyo taka si taka".

Bado mimi naona wazo lao la kwanza lilikuwa la heshima. Mashine ilibeba mzigo wa kukulinda. Haikukuachia ukumbuke.

Onyo la 1993

Kuna kisa kimoja cha katikati ambacho watu wamesahau. MS-DOS 6 ilitoka 1993 ikiwa na programu inayoitwa SmartDrive, iliyoshikilia maandishi kwa RAM kwa sekunde chache ili diski ionekane ina mbio. Sasa fikiria mtu wa DOS. Miaka yote amezoea kwamba akirudishiwa pale pa kuandika amri, kazi imeisha, anazima mashine. Akafanya vile vile, na sasa zile sekunde chache zilikuwa na kazi yake ndani. Watu wakapoteza faili.

Mwaka huo huo Microsoft wakatoa MS-DOS 6.2. Moja ya mabadiliko ilikuwa SmartDrive kumaliza kuandika kabla ya kukurudishia pale pa amri. Kwa maneno mengine, "nimemaliza" ikarudi kumaanisha nimemaliza. Kampuni ilijua tatizo, ilijua dawa. Kumbuka huo mwaka, tutaurudia.

Waya usio na mlango

Halafu ikaja USB. Toleo la kwanza lilitangazwa 1996 na kampuni saba, Intel, Microsoft na IBM zikiwemo. Ahadi ilikuwa tamu: chomeka kitu mashine ikiwa imewaka, kitumie, kichomoe, bila kuzima chochote. 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na mlango wa diski laini kabisa, ila USB.

Ukiangalia kichwa cha USB ile ya kawaida, ile pana, utaona vipande vinne vya chuma. Viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati. Vya pembeni ni vya umeme, vya katikati ni vya data. Ukichomeka, umeme unaingia kwanza. Ukichomoa, data inakatika kwanza, umeme mwisho. Wahandisi walifikiria sana ili mkono wako usichome kifaa. Saketi ililindwa. Lakini kilichokuwa bado kwenye RAM, kikingoja zamu yake, hakikuwa na kipande kirefu cha kukilinda. Na hakukuwa na mlango wala mota ya kukuzuia.

Kwa upande mwingine, Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alikuwa amevumbua kumbukumbu ya flashi katika miaka ya 1980. Mwaka 2000 hizo njia mbili zikakutana. Trek ya Singapore ikaleta ThumbDrive, na IBM ikauza DiskOnKey iliyotengenezwa na M-Systems ya Israeli. Hiyo DiskOnKey ilibeba MB 8. Leo picha mbili tatu za simu zinaijaza, lakini diski laini ilibeba MB 1.44, kwa hivyo ulikuwa unatembea na diski zaidi ya tano kwenye kitu cha kidole.

Windows XP ilipofika 2001, ile aikoni ndogo yenye mshale wa kijani, pale chini kulia, ikawa sehemu ya maisha. Na ule ujumbe: kifaa kinatumika, funga programu zote, jaribu tena. Unafunga kila kitu. Unajaribu tena. Bado kinatumika. Kinatumika na nani, bosi? Mashine haisemi. Ukikataliwa mara tatu bila kuelezwa, unaacha kuuliza. Unachomoa tu. Hapo siwalaumu watu.

Sasa turudi mtaani

Historia hii imeandikwa na watu wenye mashine zao. Mtu mwenye laptopi yake anaweza kuipoteza faili kwenye flashi na bado aipate kwenye laptopi. Wengi wetu hapa Kenya tulikua kinyume. Kompyuta ilikuwa ya saiba, ya shule, ya ofisi ya mtu. Flashi ndiyo ilikuwa yetu. Wasifu wa kutafuta kazi, ripoti ya mradi, nyimbo za rafiki aliyeanza kurekodi, picha za mazishi, vyote kwa kitu kimoja kimefungwa kwa funguo za nyumba.

Na kwa mashine ya wengine huchagui kitu. Hujui imepangwa vipi, hujui ni toleo gani, unalipa kwa dakika na kuna mtu nyuma yako anakohoa ili uinuke. Ongeza stima: ikipotea, ni sawa na kuchomoa flashi zote za saiba kwa wakati mmoja. Kila dakika flashi inakaa hapo baada ya kazi yako kuisha ni dakika ya kujitafutia balaa. Kuitoa mapema, kwa njia yake, kunakulinda hata na hiyo.

Habari njema iliyosomwa vibaya

Oktoba 2018, Windows 10 toleo la 1809 lilikuja na badiliko: mpango wa kawaida kwa vifaa vya nje ukawa wa kutolewa haraka, yaani Windows haishikilii maandishi kwa RAM kwa ajili ya kifaa hicho. Habari ikasambaa Aprili 2019, na vichwa vya habari vikasema: huhitaji tena kutoa flashi kwa usalama! Wasee wakashangilia. Kwangu hiyo ni dawa ile ile ya 1993, imerudi miaka 25 baadaye kupitia mlango wa USB. Nakubali ni jambo zuri.

Lakini soma vizuri. Haikusema unaweza kuchomoa kazi ikiendelea. Haikubadilisha kompyuta ya zamani ya saiba. Mtu anaweza kuurudisha mpango wa mbio kwenye mipangilio. Mac bado inakugombeza ukichomoa ghafla. Linux bado inaweza kujaza ule mstari na kuendelea kuandika. Mimi ni shahidi.

Na kuna mambo ndani ya flashi yenyewe. Haiandiki kama kalamu kwenye karatasi. Ili kubadilisha kitu kidogo, hulazimika kufuta kipande kikubwa na kuhamisha vilivyokuwemo, na kuna chipu ndogo inayoweka ramani ya kila kitu kiko wapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ramani inaweza kuharibika, na wakati mwingine flashi nzima inakufa, hata faili ambazo hukuzigusa. Tena flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauna kumbukumbu ya kazi iliyokatika njiani.

Najua jibu lako: "Mimi huchomoa tu kila siku na hakuna kitu kimetokea." Nakuamini. Pia kuna watu huruka kutoka kwa matatu kabla haijasimama kila siku, na wengi hutua kwa miguu. Lakini siku umebeba mtoto mgongoni, unagonga bodi na kupiga kelele, "Shukisha!" Unangoja isimame. Unajua umebeba nini.

Shida ya flashi ni kwamba hujui umebeba nini mpaka baadaye. Mimi siku hiyo nilidhani nimebeba tamthilia.

Kwa hivyo nafanya hivi siku hizi. Sikati faili, nanakili, ile ya kwanza inabaki. Natoa kwa usalama na nangoja jibu. Ikikataa, nafunga kicheza muziki na madirisha yote. Ikikataa bado, nazima kompyuta kabisa ndio nichomoe. Halafu, hii wengi hawajui: kufungua faili kabla ya kutoa flashi si ushahidi, kwa sababu mashine inaweza kukuonyesha ile nakala iliyo kwa RAM. Naitoa, naichomeka tena, ndio nafungua na kusikiza hadi mwisho. Hapo ndipo nafuta ya simu, kama lazima.

Ile flashi bado ninayo. Sijaifuta. Folda inaitwa Shosho, na ndani kuna majina matatu, jioni tatu, kila moja 0. Ile tamthilia hata sikuimaliza.

Ukiwa saiba leo na mtu wa nyuma anaharakisha, na taa zinazimwa, na mstari umejaa ukapotea, kaa kwanza. Bonyeza ile aikoni. Mwambie angoje sekunde tano.